Mkufunzi Kaleta Barua

Mama,

Barua zote nilizokuandikia nikiwa sekondari nilizianza kwa kukuuliza hali. Safari hii sijui nikuulize nini. Hali yako naijua, umelala, hukohoi tena, na hakuna anayekuamsha kukunywesha dawa. Basi nianze na yangu: mimi situlii. Naandika juu ya sanduku la nguo, nimelifunga na kulifungua tangu asubuhi, nikikaa nakumbuka kitu, nikisimama nasahau kilikuwa kitu gani. Baba yuko uani anatengeneza baiskeli ambayo haijaharibika. Kesho napanda basi la Mbeya, halafu naunganisha hadi Morogoro. Nimehama chuo, Mama. Habari yenyewe ndiyo hiyo, lakini namna nilivyohama ni kichekesho na kilio kwa pamoja, na wewe ndiye mtu pekee ambaye angenicheka nisikasirike. Ngoja nikusimulie.

Kwanza za hapa nyumbani. Ghala la ushirika alilokuwa akilitunza Baba limefungwa moja kwa moja. Uliondoka bado wanasema litafunguliwa. Sasa amelikodi mfanyabiashara wa Tunduma, kaweka humo katoni za sabuni na marobota ya mitumba, na mahindi ya watu yananunuliwa barabarani, mwenye lori anafika na bei yake mdomoni. Baba bado anaamka alfajiri, anavaa koti, anatembea mpaka mwisho wa mtaa wetu wa Chanji, anarudi. Simwulizi ametoka wapi. Yule rafiki yako Msukuma wa maziwa bado anapita, na bado ananiongezea kikombe kimoja anachosema ni chako. Siku moja nilimwambia haina haja. Alinitazama vibaya mno, nikapokea.

Sasa chuo. Unakumbuka nilivyokuwa nakusomea hesabu pale kitandani, mwaka ule wote ulipokuwa unaumwa? Nilikuwa nasoma kwa sauti ili nisisinzie, na wewe kila nikimaliza swali unaitikia "amina". Nikicheka unaniuliza kosa lako ni nini. Basi matanga yalipokwisha nikarudi darasani, nikawa siwezi. Kila mkufunzi akimaliza swali ubaoni nasubiri mtu aseme amina. Njia ya chuoni nayo inapita mbele ya hospitali, nikajaribu kuzungukia Milanzi, nikawa nachelewa vipindi na kuandikwa mtoro. Na tuseme ukweli, hata ungekuwepo, chuo chetu hakina maabara. Fizikia tunafundishwa kwa chaki. Mkufunzi anachora betri ubaoni, nasi tunachora betri kwenye madaftari, halafu tukihitimu tutakwenda kuwachorea watoto wa watu betri.

Nikaandika Morogoro, kwenye chuo cha ualimu chenye maabara. Sikumwambia mtu kwa sababu sikutegemea kujibiwa. Wakajibu. Wakasema nafasi ya mwaka wa pili ipo, niripoti kabla mwezi haujaisha, nije na barua mbili za mapendekezo kutoka kwa wakufunzi walionifundisha, zimefungwa na kupigwa muhuri, na mimi mwenyewe nisizifungue. Zikikosekana, nafasi anapewa mwingine. Siku hiyo hiyo nilimsomea Baba barua yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Tutaona." Unaijua "tutaona" ya Baba. Wiki ikapita, anaona tu. Nami nilikuwa naelewa, Mama. Kaka zangu wako Tunduma na biashara zao, wewe hupo, nikiondoka mimi nyumba hii inabaki na yeye na redio.

Neno lenyewe lilinikera tangu mwanzo, mapendekezo. Mimi ni yule mtoto uliyemchapa fimbo kwa kujipendekeza kwa mke wa katekista ili apewe andazi. Ulinichapa ukisema mtoto wa mtu hajipendekezi, akae kwao, akipendwa ataitwa. Nimekaa kwetu miaka yote hiyo. Sasa ukubwani naambiwa nizunguke milangoni kwa watu niwaombe waseme mimi ni mzuri.

Nikaanza na Bi Ngonyani, mkufunzi wetu wa malezi, mama mtu mzima wa Songea. Siku hizi kumpata ofisini ni bahati, maana mishahara inachelewa na kila mkufunzi ana biashara yake, na yeye anauza mitumba kibandani karibu na soko. Nikaenda, njoo kesho. Nikaenda, njoo Alhamisi. Nilipomkuta ametulia alikuwa amefungua robota la makoti, akaniambia hana muda wa kutunga, niandike mwenyewe barua ya kujisifu, nimletee asaini. Wenzangu wakaniambia ndivyo wakufunzi wengi wanavyofanya, nisishangae.

Nikakaa na karatasi mchana kutwa. Mama, nimegundua ulininyima kitu kimoja. Sijui kujisifu, na sikuwahi kusikia ukinisifu mbele ya watu, kwa hiyo hata pa kuigia sina. Wageni wakija ulikuwa unawaambia, "Huyu? Huyu hata ugali unamshinda, mkiona umeiva mjue kapika jirani." Na mimi nimesimama hapo hapo na sahani ya ugali wa ulezi nilioupika mwenyewe, umeiva. Wageni wanacheka, wanakula, wanajua unavyojivuna. Ndivyo kwetu wanavyojivuna. Basi nikaandika kwa namna ninayoijua: mwanafunzi huyu si mvivu sana, hesabu anajitahidi, akikemewa anasikia.

Bi Ngonyani alisoma akacheka mpaka akakaa juu ya makoti. "Skolastika, hii ni barua ya kukupendekeza au ya kukushitaki?" Akaita na mwenye kibanda cha jirani akamsomea. Niliona aibu, nikakasirika pia, unanijua, nikataka kuichukua karatasi yangu niondoke. Akaihamishia mkono mwingine na kusema kwa sauti tofauti kabisa nije Jumamosi, ataandika yeye.

Nikabaki na mmoja, Mkufunzi Rwegasira wa hesabu. Huyu ni kijana, kwao Bukoba, hajaoa, na hilo la kutokuoa naliandika kwa sababu, utaona. Yeye hakunizungusha. Nilimweleza nimesimama mlangoni, kabla sijamaliza akasema ameshakubali, na kwa vile Jumamosi atapita Chanji ataniletea barua mwenyewe nyumbani. Nilirudi nusu nakimbia. Nikamkuta Mama Mdogo Yustina jikoni, amekuja kutoka Milanzi na majani ya maboga, nikamwambia kwa pumzi moja: "Mama Mdogo, Mkufunzi Rwegasira amekubali. Jumamosi analeta barua. Nikishaipata tu, nahama."

Isikilize hiyo, Mama. Isikilize kwa masikio ya mdogo wako.

Aliweka majani chini. Akaniuliza kama Baba anajua. Nikasema anajua, ila hajatoa neno. Akaniuliza kama kijana ni Mkatoliki. Swali lilinishangaza kidogo lakini nikajibu, ndiyo, namwona kwenye misa ya kwanza. Kwao wapi? Bukoba. "Mbali," akasema, akajifuta macho kwa kanga. Nikadhani analia kwa sababu ya Morogoro. Nikamkumbatia, nikamwambia asijali, nikimaliza nitarudi. Akanishangaa. Ijumaa nikamwona Baba Mdogo Gaspari anashuka kwenye lori la samaki na furushi la migebuka mikavu, katoka Kasanga. Nilifurahi. Nikadhani kaja kututembelea.

Jumamosi mimi niko kwa Bi Ngonyani nasubiri amalize wateja, kwa hiyo yafuatayo nimeyapata kwa Mama Mdogo, kwa Baba Mdogo na kwa Mkufunzi mwenyewe, na wote watatu wanasimulia sawasawa, jambo ambalo katika ukoo wetu halijapata kutokea.

Baiskeli ya Rwegasira ilikuwa imepasuka tairi, kwa hiyo alibebwa kwenye baiskeli na mwalimu wa michezo, mtu wa makamo, mwenye kipara na koti. Kijana ana bahasha mkononi, mtu mzima yuko pembeni yake, siku ya Jumamosi. Mshenga ni nani kama si huyo? Mama Mdogo alichuchumaa akawapigia makofi ya heshima kama tunavyowasalimia wakwe. Rwegasira anasema aliwaza kuwa Wafipa ni watu wenye adabu sana. Wakakalishwa kwenye viti vizuri. Baba alikuwa kwenye kigoda chake. Baba Mdogo akauliza wageni wamekuja na jambo gani.

Na yule kijana, Mungu amsamehe, akasema, "Wazee wangu, nimeleta barua ya binti yenu."

Baba Mdogo akamwuliza kama ana uhakika na anachokifanya. Akasema anao, amemchunguza binti mwaka mzima na ameridhika. Mama Mdogo anasema hapo moyo ulimpasuka, mwaka mzima, na sisi hatujui. Rwegasira akaongeza kwamba anaomba bahasha wapokee wao, binti asiifungue. Hilo nalo likawapendeza wazee, wakaona kijana kafunzwa, maana binti gani anafungua barua yake mwenyewe? Mwishoni akasema anaamini majibu yatakuwa mazuri. Baba Mdogo akakohoa, akamwambia majibu yapo, ila hapa kwetu watu hawakurupuki, ukoo utakaa. Wakaipokea bahasha kwenye sahani, wakaifunika na kile kitambaa chako cha maua, wakawapa wageni ugali na migebuka. Mwalimu wa michezo akashukuru sana, akasema chakula kama hiki mara ya mwisho alikula harusini. Wakapanda baiskeli wakaondoka.

Nimerudi na barua ya Bi Ngonyani kifuani, nimechangamka, nauliza Mkufunzi amepita? Mama Mdogo akanikumbatia, analia. Nauliza barua iko wapi, Baba Mdogo akanijibu kwamba barua ya posa haishikwi na binti, itakaa kwake, atarudi nayo Kasanga, wakubwa wa huko wataisikia, na baada ya mavuno watajibu.

Posa. Nilisimama pale kama mtu aliyemwagiwa maji. Halafu nikacheka, nikashindwa kujizuia. Halafu nikaona mfuko wa koti la Baba Mdogo umetuna, na ndani yake kuna Morogoro yangu inakwenda Kasanga kusubiri mavuno, kicheko kikaisha. Nikaeleza. Nikaeleza tena. Barua ya mapendekezo, ya masomo, ya kuhama chuo. Mama Mdogo akasema ninaona haya, ni kawaida ya mabinti. Nikapandisha sauti, Mama, nakiri hilo, niliwapigia kelele wakubwa. Nikamwambia Baba awaambie, yeye si nilimsomea? Baba akainua macho akasema taratibu, "Aliwahi kunisomea jambo la barua." Hapo Baba Mdogo naye akakasirika. Akasema mabishano ya nini, tufungue tuone, akachukua kisu cha jikoni akaichana bahasha pale pale kwenye muhuri, kabla sijamfikia.

Akampa Baba, kwa kuwa Baba ndiye msomaji. Baba akavaa miwani, akasoma kwa sauti, polepole, kama alivyokuwa akisoma hati za mizigo. Mkufunzi aliandika kwamba tangu aanze kufundisha hajapata mwanafunzi anayeuliza maswali kama mimi. Kwamba nikikosea narudi mwanzo mwenyewe bila kuambiwa. Kwamba sipendi kuonekana lakini darasa likikwama linanigeukia mimi. Kwamba angependa watoto wake wafundishwe na mtu wa namna hii. Baba Mdogo akadakia, "Watoto wake wapi, si mnaona?"

Nikabaki nimesimama katikati ya nyumba nikitazama sakafu. Sijawahi kusifiwa ndani ya nyumba ile, na sauti inayonisifu ni ya Baba. Nilikuwa nakusubiri, Mama. Nakwambia kweli. Nilikuwa nasubiri useme huyu hata ugali unamshinda, watu wacheke, nipate pa kuweka uso. Hukusema. Mama Mdogo alikwenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa, na mimi nikatoka nje, nikalia nyuma ya choo kama mtoto.

Maana barua ilikuwa imechanwa muhuri. Kwa maneno ya Morogoro haikuwa barua tena. Ilikuwa Jumamosi jioni, mwezi unaisha katikati ya wiki, na safari peke yake inakula siku mbili. Nilikuwa nimeshaamua kuwa basi, Mungu amesema nibaki Chanji nichore betri. Baba alinifuata kule nyuma. Alisimama mbali kidogo, kama anavyofanya. Nikamwuliza, kwa hasira bado, kama na yeye aliamini ni posa. Akasema hakuamini, ila alitamani iwe hivyo. Mkufunzi ana nyumba hapa hapa mjini, akasema, ungekuwa unakuja Jumapili.

Jibu la hilo? Wewe ungekuwa nalo.

Jumapili baada ya misa akaniambia, "Twende." Amevaa koti lile lile la siku tuliyokuzika na viatu amevipaka dawa. Baba Mdogo akafuata nyuma bila kuitwa, amebeba migebuka iliyobaki. Rwegasira alikuwa nje anafua mashati. Akatukaribisha ndani na mikono ina povu. Baba akakaa, akakataa maji, akaanza. "Jana ulituletea barua. Kwetu barua ikiletwa hujibiwa, na nimekuja na jibu." Kisha akamweleza yote, tulivyodhani, tulivyofungua. Mkufunzi alishika kichwa, akawa mwekundu kwa weusi wake ule ule, akasema "samahani mzee, samahani mzee", wala hakuwa na kosa. Mimi natamani ardhi inimeze. Baba Mdogo anatazama dari. Baba hakucheka wala hakukunja uso, akasubiri samahani ziishe.

"Jibu letu ni kwamba aende," akasema.

Hivyo tu, Mama. Sikuwahi kufikiri kwamba neno ninalolitaka nikilipata litaniuma kiasi kile.

Rwegasira akafuta mikono, akatoa karatasi nyingine akaanza kunakili. Alipofika mwisho, kabla hajasaini, Baba akainua kidole kama mwanafunzi. Akasema kuna jambo halimo. Mkufunzi akauliza jambo gani. "Andika kwamba alimuuguza mama yake mwaka mzima. Anamgeuza, anamwogesha, anakesha, na asubuhi yuko darasani, na hakukosa mtihani hata mmoja." Rwegasira akamweleza kwa upole kwamba barua kama hizi huwa ni za masomo, mambo ya nyumbani hayawekwi. Baba akamwambia, "Liweke. Mama yake ndiye angelisema, hayupo, kwa hiyo nalisema mimi." Kijana akainama akaandika. Baba akamwomba amsomee, akasomewa, akaitikia kwa kichwa, akasema sasa imekamilika. Mkufunzi akaenda ofisini Jumapili ile ile kutafuta muhuri. Tulirudi Baba akinisimulia habari za mnyororo wa baiskeli njia nzima, na mimi nikiitikia.

Bahasha mbili ziko hapa chini ya nguo, nimezifunga na kanga yako ya bluu. Nimeiomba kwa Mama Mdogo, akanipa, bado hanitazami vizuri usoni, lakini ameahidi kulala hapa mara kwa mara na kumpikia Baba. Naye Msukuma wako nimemwambia kile kikombe cha nyongeza ampe Baba. Pale kaburini nilipita asubuhi. Upepo ulikuwa mkali, sikukaa sana, nilisimama nikashindwa hata kusali vizuri, nikakutajia tu saa ya basi.

Sasa nafunga, Baba ananiita tupime kama sanduku linakaa kwenye baiskeli. Pumzika, Mama. Usinisubiri Jumapili. Na ahadi yangu ni hii: siku nikiwa mkufunzi, akaja mtoto wa mtu amesimama mlangoni ananiomba barua, sitamwambia njoo kesho. Nitamkalisha, nitachukua kalamu, na kabla sijamwuliza habari za masomo nitamwuliza kwanza nyumbani kwao nani anaumwa.

Mwanao,
Skola